Walisema vidole vyangu ndivyo vilivyopinda shingo ya gitaa (Karatu, miaka ya sitini)

"Kama shimo hili limekatwa na mashine, mbona shingo inacheza ndani yake?"

Niliulizwa hivyo na seremala mmoja wa Ganako nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma fizikia.

Wakuu, habari za humu. Wengi wenu mngenipa shikamoo tukionana, ila humu wote tuna ID tu, kwa hiyo tuendelee. Sitaongeza chumvi. Pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Bendi yetu ya Karatu ilikuwa na gitaa moja la umeme. Lilitoka kwa mzungu wa shamba la kahawa upande wa Oldeani, aliyeuza vitu vyake akarudi kwao. Ni yale ambayo shingo yake haikubandikwa kwa gundi: inakaa kwenye shimo la bodi, yaani kiwiliwili chake, na kukazwa kwa skrubu nne kwa nyuma.

Likizo nilikuwa nalipiga mimi. Wapo waliokuja dansini kuangalia tu kama ni kweli mpigaji ni mwanamke.

Tukipiga Baray, kule chini kwenye joto, gitaa halikuwa na shida. Siku moja tukapanda Ngorongoro kupigia wafanyakazi ukingoni mwa kreta. Ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni.

Wimbo wa tatu, uzi mwembamba ukateleza nje ya ukingo wa shingo. Nikiurudisha, unatoka tena. Watu wakacheka. Nilipolitazama gitaa kutoka kichwani kwenda chini, shingo ilikuwa imeelekea pembeni, kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani.

Tluway, kiongozi wa bendi, akanipokonya gitaa.

"Nilisema tangu mwanzo," akawaambia wenzake. "Vidole vya mwanamke vinavuta nyuzi upande."

"Baray vilikuwa vidole vya nani?" nikamuuliza.

"Msomi, usinifundishe. Jumamosi dansi ya mavuno anakuja mpigaji kutoka Arusha. Wewe utauza tiketi."

Wakuu, hapo ndipo nilipokataa. Siyo kwamba nilijua tatizo. Sikujua. Ila nilijua kidole hakisogezi mti uliokazwa kwa skrubu nne. Nikamwambia nipe gitaa siku moja, limeshaharibika, utapoteza nini? Akanipa, nadhani ili nishindwe mbele ya watu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Amsi, yule seremala wa Ganako, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kulirekebisha. Alikuwa anachonga mipini ya majembe. Nikafungua skrubu zote nne mbele yake. Shingo ikatoka.

Ndani ya shimo, pembeni, kulikuwa na kipande cha ngozi ya ng'ombe.

"Hiyo nimeiweka mimi," akasema, bila haya yoyote. "Ilikuwa inacheza. Jembe lako likicheza unafanyaje?"

Kila mtu kwetu anajua: unaloweka kipande cha ngozi mbichi, unakipachika kwenye mpini, kikikauka kinang'ata kama meno. Lakini jembe linashinda juani na kulala karibu na moto. Gitaa lilikuwa limepanda kwenye ukungu.

Nikaomba bakuli la maji, nikaitumbukiza ile ngozi. Tukanywa chai. Tulipoitoa ilikuwa nene na laini kama ulimi. Nikamwambia ndiyo iliyosukuma shingo pembeni; shimo limekatwa na mashine, halihitaji ngozi.

"Majembe yangu hayajawahi kurudi hapa, binti," akasema. Kisha ndipo akaniuliza lile swali la shimo na mashine.

Nikasema tu, hata kama inacheza, tuinyooshe.

Nilirudisha shingo, nikafunga nyuzi mbili tu, mnene na mwembamba, za pembeni. Nikalegeza skrubu kidogo na kuivuta shingo mpaka kila uzi ukawa mbali sawa na ukingo wake. Halafu nikakaza kwa kupishana, kona kwa kona.

Kwa pupa yangu nikakaza skrubu moja mpaka ikazunguka bure. Tundu lilikuwa limekufa. Fundi Amsi akachukua kisu. Akachonga kijiti, akakigongea kwenye tundu, skrubu ikashika. Kisha akachonga kibanzi cha mti mkavu wa loliondo, ule mgumu wa msituni, chembamba kama kucha, akakipachika pale ngozi ilipokuwa.

Asubuhi ya Jumamosi Karatu ilikuwa na ukungu mzito. Nikaliacha gitaa barazani saa nzima, Tluway akiangalia. Halafu nikalipiga. Uzi haukutoka.

"Fundi Amsi kalitengeneza vizuri," Tluway akawaambia wanabendi. "Tumshukuru. Mpigaji yuko njiani."

Fundi alikuwa amekaa pale pale, na kofia yake magotini.

"Tluway, mimi ndiye niliyelipinda," akasema. "Niliweka ngozi. Huyu ndiye aliyeitoa. Ukitaka kumlaumu mtu mwenye vidole vibaya, nilaumu mimi."

Ni mzee aliyechonga nusu ya majembe ya wilaya, na amesema hivyo mbele ya wateja wake.

Jioni ile nilipiga mimi. Mgeni wa Arusha alipiga nusu ya pili, na tiketi aliuza Tluway mwenyewe.

Nilichojifunza: wakikwambia kosa ni mwili wako, dai bisibisi kwanza. Ukishafungua, ukikuta kosa ni lako, sema kama Amsi alivyosema. Mimi hili la pili lilinichukua miaka mingi.

Wenye magitaa ya skrubu, na wanawake mliowahi kusingiziwa kuharibu chombo, leteni yenu hapo chini. Wabishi pia karibuni, mimi ni mmoja wenu.

Miaka mingi baadaye, Dar, fundi wa magitaa alinifungulia gitaa la aina ile ile ambalo halijawahi kuguswa tangu kiwandani. Chini ya shingo kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu, kimekunjwa mara mbili. Waliotengeneza gitaa kwa mashine nao walikuwa wanapachika.