Leso Kumi na Mbili

Mimi ni wa Mombasa, na Mombasa leso ni nguo ya kujifunga. Fundi wangu wa cherehani hapa Fordsburg, Joburg, ni wa Dar es Salaam, na kwao leso ni ya kupengea kamasi. Miaka yote hiyo tulisemezana Kiswahili tukidhani tunaelewana.

Wiki ya harusi ya binti yangu nilimpelekea kitambaa cha mama yangu. Pamba ya Kihindi ya zamani, maua yamechorwa kwa kalamu ya mwanzi, wekundu umekolea hadi upande wa nyuma. Kingo tu ndizo zilizofumuka. Mama alikuwa anakuja Joburg kwa jambo moja: kumwona mjukuu wake amejifunga kitambaa kile.

"Nipindie leso," nikamwambia fundi, nikatoka mbio, maana gari nililiacha pabaya karibu na robot, taa za barabarani.

Niliporudi akanikabidhi leso kumi na mbili, zimepindwa vizuri na kupigwa pasi.

Yarabi! Nilipiga kelele hadi muuza sambusa wa jirani akaniletea maji.

"Eish, mama, si ulisema leso?" fundi akajitetea.

Kweli, nilisema.

Wakwe zetu ni watu wa Zanzibar, wenye maringo yao. Siku ya harusi niliingia na sinia, leso zimefukizwa udi, nikatangaza bila kupepesa macho: kwetu kitambaa cha bibi hugawiwa wanawake wa pande zote mbili, wawe nguo moja.

Mama wa bwana harusi akaitikia kwa kichwa. "Naijua mila hiyo. Hata kwetu ilikuwepo."

Loo! Nilijiuma ulimi nisicheke.

Akabaki mama yangu. Alikigeuzageuza kipande chake, nami naogopa kweli, nangoja kuaibishwa mbele ya watu. Akanivuta sikio kama nina miaka saba.

"Mwongo wewe," akaninong'oneza.

"Nisamehe, mama."

"Umerithi kwangu. Kitambaa hiki nilimwibia dada yangu asubuhi ya harusi yake. Mpaka leo anakitafuta."

Akapenga kamasi humo humo kwenye maua. Kisha akachukua leso nyingine siniani, akaikunja taratibu, akaitia mkobani.

"Hii nampelekea mwenyewe," akasema. "Nitamwambia ni mila."