Fomula ya tarehe haikutoa error, Mama Kulwa akachelewa kuitwa hospitali

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Natamani yangekuwa ya kutunga.

Mimi ni karani wa takwimu kwenye zahanati moja pande za Kharumwa. Kwenye machimbo wananiita dokta, na nilishaacha kuwasahihisha.

Nilitengeneza Excel ya wajawazito. Unaingiza tarehe ya hedhi ya mwisho, fomula inajumlisha siku 280, unapata tarehe ya kujifungua. Waliowahi kupasuliwa nawapigia simu mapema wakasubirie hospitali.

Tarehe kama 25/03 zilitoa error ya #VALUE!. Nikazirekebisha moja moja, nikajiona fundi.

Zilizokubali sikuzigusa.

Mama Kulwa ni mke wa mchimbaji, mapacha wake alijifungua kwa operesheni. Kadi yake ilisema 05/03, yaani tarehe tano mwezi wa tatu. Excel ikaniambia atajifungua Februari.

Mwanzoni mwa Desemba akanipigia.

"Dokta, mbona huniiti? Mimi nahesabu nimefika. Niliacha kuona siku zangu tukiwa tunapalilia mpunga."

"Mama Kulwa, kompyuta inasema Februari. Tulia, nitakupigia."

"Haya, dokta."

Hapo ndipo ninapojichukia. Mimi ni mtoto wa mkulima. Kujifungua Februari maana yake hedhi ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano, na mwezi wa tano huku tunavuna mpunga, hatupalilii. Nilikuwa najua, ila sikufikiri.

Siku nne baadaye uchungu ukamkuta kambini. Kovu la operesheni likaachia kabla hawajafika hospitali.

Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Nikarudi kwenye kompyuta. Ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Kwa hiyo 05/03 ilisomwa tarehe tatu mwezi wa tano. Ile 25/03 iligoma kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na tano. Kumbe zilizogoma ndizo zilizoniambia ukweli.

Nilibadilisha Region kwenye settings za kompyuta, lakini tarehe za zamani zilibaki vilevile. Nikachukua kadi zote, nikaingiza upya kwa format ya dd-mmm-yyyy ili mwezi uonekane kwa herufi. Wote waliokuwa wamekosewa niliwapigia siku hiyohiyo. Nikaongeza na safu moja: shambani mlikuwa mnafanya nini?

Mama Kulwa alipokuja kliniki nilimweleza yote, nikamwomba msamaha. Nikamwambia pia kwamba mimi si dokta, ni karani.



"Hesabu yangu nilikuwa na uhakika nayo," akasema. "Ila nikaona dokta ndiye anayejua."

Wakuu, fomula isiyotoa error nayo ikaguliwe, na mwenye tarehe yake aulizwe. Nyie mnaotunza tarehe za watu mnahakiki vipi?

Andikeni. Hata anayetaka kunitukana aandike, nitasoma.