Gundi Niliyopaka Kwenye Kamera ya Setilaiti

Mimi ni fundi wa redio hapa Jinja, na kosa hili ni langu peke yangu. Mhandisi Nambozo wa Mbale alinipa kamera ya setilaiti ndogo nibandike nyaya zake, pamoja na gundi maalumu. Gundi hiyo ilichelewa mno kukauka, nikapaka ya viatu. Nilijiona mjanja.

Wiki iliyopita tuliijaribu Mbale, ndani ya tangi lililoondolewa hewa yote, kama kule angani. Wageni walioalikwa kushuhudia jaribio walitazama picha za kamera kwenye skrini. Baada ya saa moja picha ikawa ukungu mtupu.

"Tangi lenu linavuja," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nikaeleza habari za unyevu unaoshuka kutoka Wanale, mlima ulio juu ya mji, kwa dakika kumi. Wageni wakaandika.

Nambozo akafungua tangi, akagusa lenzi. Ilinata.

"Pasipo hewa, gundi ya kawaida hutoa mvuke, nao huganda kwenye kioo," akasema. "Fundi, ulitumia gundi niliyokupa?"

"Ile ile, mama."

Afande aliyelinda mlango akasogea, akanusa. "Bwana, hii ni ya viatu. Asubuhi nimebandikia buti zangu."