Kicheko cha Swafiya wa Biryogo

Mtaani Biryogo, Rwanda, miaka ile baada ya uhuru, mtu akitaka kujua kama Swafiya yuko nyumbani hakuhitaji kupiga hodi. Alisimama tu barabarani akasikiliza. Kicheko cha Swafiya kilianzia tumboni, kikapanda, kikakatika kidogo kama mtu anayetafuta hewa, kisha kikalipuka mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Mumewe, Ramadhani Twagirayezu, muuza vitambaa, alikuwa akisema kwamba hakumposa kwa sura wala kwa ukoo. Alimsikia akicheka ng'ambo ya ukuta, akachungulia kuona kinachochekesha. Kilikuwa yeye mwenyewe: alikuwa amepita mtaani na kanzu aliyoigeuza, mishono yote nje.

Babu yake Swafiya alitoka Bagamoyo na mizigo ya nguo, akaoa Mnyarwanda, asirudi tena. Alimwachia mjukuu wake Kiswahili cha nyumbani na kazi ya kushona kofia kwa mkono, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Wanaume wa Nyamirambo nzima waliswali Idi wakiwa na kazi ya Swafiya kichwani.

Mwaka 1969, kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianza kujisugua na kidole cha shahada, taratibu, bila ruhusa yake. Jirani yake Mukeshimana alikiona kwanza.

"Ee, Mama Zaituni! Siku hizi umekuwa mcha Mungu. Hata ukipika unavuta tasbihi!"

Wakacheka wote wawili. Lakini baada ya kidole ulitetemeka mkono, na sindano ikawa haiingii inapotakiwa. Kisha mwili ukakakamaa, hatua zikafupika, sauti ikashuka mpaka ikawa mnong'ono. Mwishowe ukaganda uso. Watu walimsimulia vituko, naye akawatazama tu bila hata kupepesa macho. Wengine walisema ana majivuno, wengine kwamba amerogwa. Mukeshimana alikuja siku moja na kisa cha mbuzi aliyeingia harusini akala shada la bibi harusi. Alipoona uso wa rafiki yake haukutikisika, alifunga mdomo, akaaga, akapotea wiki nzima.

"Ndani nacheka, Baba Zaituni," Swafiya alimnong'oneza mumewe. "Nacheka sana. Ila mlango umefungwa."

Ramadhani alitoka nje akajifanya anatafuta kitu uani, mpaka macho yake yakakauka.

Mwaka 1972 muuguzi mmoja aliyekuja kununua kitenge alimweleza Ramadhani kwamba hospitalini kuna daktari Mnyarwanda aliyerudi kutoka Ubelgiji, anatafuta watu wanaotetemeka. "Anawatafuta kama mwindaji," alisema muuguzi. Kesho yake asubuhi mume na mke walikuwa mlangoni kwa daktari.

Dokta Rutayisire alikuwa kijana mwembamba, tai imekaa upande, na alizungumza kwa kasi ya mtu anayekimbiwa na basi. Alimwomba Swafiya asimame, ageuke, agonganishe vidole. Kisha akapiga makofi kwa furaha. Ramadhani alitaka kumkunja shati.

"Nisamehe, Mzee, nisamehe! Sifurahi mama iko mgonjwa. Nafurahi kwa sababu hii ugonjwa naijua. Iko na jina, Parkinson. Na sasa tunajua inakosa kitu gani!"

Akachora kichwa kwenye karatasi, na ndani yake doa jeusi. "Hapa, katikati ya ubongo, iko sehemu ndogo nyeusi. Chembe zake zinatengeneza kemikali moja, dopamini. Bila dopamini, mama anataka kutembea lakini miguu haipati habari. Anataka kucheka, uso haipati habari. Chembe zake zinakufa, Mama. Akili yako iko mzima kabisa."

Swafiya alinong'ona kitu. Ramadhani akainamisha sikio, akatafsiri. "Anauliza, zinakufa kwa nini?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu!" Dokta karibu arushe kalamu. "Hakuna mtu anajua. Si hapa, si Ulaya. Tunatafuta. Na mama anaweza kutusaidia."

Msaada wenyewe ulikuwa mkojo. Walitaka mkojo wake wote wa kutwa kucha, usipotee hata tone, kwa sababu dopamini ikishatumika mabaki yake hutokea humo. Wangeupima kabla ya dawa na baada ya dawa. Sehemu yake ingegandishwa na kupelekwa kwa ndege mpaka maabara ya Ubelgiji.

"Kwa ndege?" alisema Ramadhani. "Mimi mwenyewe sijapanda ndege!"

Ndivyo ilivyotokea kwamba Ramadhani Twagirayezu, mtu mzima anayeheshimika, alitoka nyumbani asubuhi akiwa amekumbatia chupa kubwa ya kioo iliyojaa kitu cha rangi ya dhahabu. Alikuwa ameifunika kwa kitenge, lakini kitenge kina tabia ya kuteleza. Alipofika kona, akakutana na Bizimana, muuza baiskeli chakavu, mtu aliyependa urwagwa, ile pombe ya ndizi, kuliko alivyopenda usingizi.

"Yewe, Ramazani!" Bizimana alisimama na macho yake yakang'aa. "Mwislamu na urwagwa, asubuhi yote hii!"

"Si urwagwa."

"Usinidanganye. Rangi naiona. Onjesha rafiki yako kidogo tu, siambii mtu."

"Bizimana, nakuapia, hutaki."

"Nataka!" Akashika shingo ya chupa. Ramadhani akavuta. Watu wakaanza kukusanyika, na miongoni mwao shehe wa mtaa, aliyekuwa akitoka dukani na mkate. Shehe akaitazama chupa, akamtazama Ramadhani.

"Ramadhani. Hii ni nini?"

"Ni ya mke wangu, Shehe."

"Mkeo anakunywa?"

"Anakojoa, Shehe! Ni mkojo! Unakwenda Ulaya!"

Bizimana aliiachia chupa kama iliyomchoma. Shehe aliangusha mkate. Biryogo nzima ikapasuka kwa kicheko, shehe akiwa wa kwanza, ameshika ukuta asianguke. Baada ya hapo, kila Ramadhani alipopita na chupa, watoto walimpungia mikono wakipiga kelele, "Safari njema!" naye akawa anawapungia kama rais.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote, na sauti za kila mtu. Uso wa Swafiya haukutikisika. Machozi tu yalimtiririka mashavuni, na mumewe, aliyekwisha kumjua, alifahamu kwamba yale ni machozi ya kucheka.

Dawa iliitwa levodopa. Dokta alieleza kwamba dopamini yenyewe haipenyi kuingia kwenye ubongo, lakini levodopa hupenya, na ikishaingia ndani hugeuka kuwa dopamini. Walianza na kiasi kidogo. Mwanzoni ilimtapisha tu. Waliongeza pole pole, na Swafiya akameza kila kidonge kwa bismillahi na ndizi.

Idi ilikuwa inakaribia, na oda za watu zimelala. Ramadhani aliamua kukaa mwenyewe kwenye cherehani ya mkewe apinde suruali za wateja, kazi ambayo alidai mtoto yeyote angeiweza. Alikanyaga, sindano ikapiga mbio, uzi ukatii, akaanza hata kupiga mluzi. Alipomaliza alisimama kwa fahari amwonyeshe mkewe, na suruali ikasimama naye. Alikuwa ameishona pamoja na mkono wa kanzu yake.

Akavuta. Suruali ikamfuata. Akageuka, ikamzunguka. Ndipo akasikia sauti nyuma yake, ya chini, tumboni, inapanda, inakatika kidogo.

Aliogopa kugeuka.

Kikalipuka. Swafiya alikuwa amekaa kitandani, mdomo wazi, mashavu yamepanda, macho yamefinywa, anacheka mpaka anapiga godoro kwa viganja, na viganja vyenyewe vimetulia. Nje kuku walikimbia. Mukeshimana alikuja mbio na mikono ina unga. "Mana yanjye, Mungu wangu, nimemsikia! Ni yeye!" Watu walijazana mlangoni, na kila aliyeingia alimkuta Ramadhani analia na suruali ya mtu mwingine ikining'inia mkononi mwake, naye Swafiya akianza upya.

"Mukeshimana," alisema alipopata pumzi, kwa sauti yake ya zamani, "yule mbuzi. Alimaliza shada lote?"

Siku zilizofuata hakukuwa na mtu wa kumshika. Alitembea mpaka Kibagabaga, kilima cha mashamba ng'ambo ile, kumshtua dada yake, na dada alishtuka kweli, akadondosha jembe. Alishona kofia. Kwenye harusi ya Uwimana, mtoto wa huyo dada, alicheza kuliko bibi harusi. Ila ngoma ilipokoma, mabega na shingo yake viliendelea kucheza vyenyewe. Dokta Rutayisire alipoambiwa alicheka na kuguna kwa pamoja, akapunguza kipimo.

"Sasa dopamini iko nyingi sana, Mama."

"Niachie kidogo ya harusini," alisema Swafiya.

Majibu ya Ubelgiji yalipofika, dokta hakungoja wamfuate. Alishuka mwenyewe Biryogo, tai begani, akipiga kelele tangu barabarani. "Ilikuwa chini, imepanda! Mama, imepanda! Sawa na ile tulifikiri!" Mabaki ya dopamini yaliyokuwa haba kabla ya dawa yalikuwa yameongezeka, kama ya wagonjwa wenzake. Akamshika Swafiya mikono wakazunguka uani, na Ramadhani akatoa chai.

"Na kwa nini zinakufa?" Swafiya aliuliza walipokaa.

"Bado hatujui."

"Basi lete chupa."

Haikuwa dawa ya kuponya, na dokta hakumficha. Miaka ilivyokwenda, nguvu ya kila kidonge ilifupika. Ulifika wakati ikamwisha ghafla katikati ya kazi au ya maneno, akabaki ameganda kwenye kiti akingoja kingine. Swafiya aliyapanga maisha kwa kufuata vidonge: sindano na wageni wakati wa mwili mwepesi, redio wakati wa mwili mzito.

Mwaka 1984 dokta, kichwa chake sasa kina mvi, alikuja na habari mpya. Huko Marekani vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya walikuwa wameganda kama wazee wa Parkinson. Kemikali moja ndogo ilikuwa imeingia ubongoni mwao, ikabadilishwa humo humo, ikaua zile chembe nyeusi.

"Kwa hiyo mimi nilikula nini?" Swafiya aliuliza kwa hamu.

Dokta akaanza kumhoji: maji ya wapi, rangi za vitambaa, dawa za wadudu, moshi wa jikoni. Swafiya alijibu yote, kisha akamwelekezea mumewe kidole. "Na wali wake, aliokuwa akiupika nilipougua. Andika hiyo kwanza."

"Mimi niliula pia!" alilalamika Ramadhani.

Hawakupata jibu. Lakini dokta alimwomba aje hospitalini aonekane na wanafunzi, naye akaenda kwa kitenge kipya, bila kumeza kidonge cha asubuhi. Wanafunzi walimwona akiletwa kwa kiti, uso umeganda. Alimeza mbele yao. Dokta alifundisha kuhusu chembe na kemikali, na kabla hajamaliza Swafiya alisimama, akatembea mpaka mstari wa mbele, akawasimulia kisa cha chupa na shehe. Darasa zima lililala juu ya madawati kwa kicheko.

Baadaye mwanafunzi mmoja, Mukandayisenga, alimfuata ukumbini. Alikuwa mfupi, na koti lake jeupe lilimfika karibu na vifundo vya miguu.

"Mama, mimi nataka kutafuta kwa nini zinakufa. Nimeamua leo."

Swafiya alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Na koti hili? Utajikwaa kabla hujafika maabara." Akachomoa pini kwenye ushungi wake, akapiga magoti sakafuni, akaanza kupandisha upindo. "Simama wima, mwanangu. Usicheke, nitakuchoma."

Mukandayisenga akacheka, akachomwa, akaruka.