Malkia Aliyekataa Kumtoa Mgeni

Mwanangu Mishi, naikumbuka siku niliyopiga meza ya mwalimu wako wa historia hadi kalamu zikaanguka. Nilikuwa nimeingia kwa salamu na adabu zote. Nilitoka sauti imekauka.

Wajua mwenyewe kilichotokea. Mlikuwa mkisoma falme za kale za Uingereza, zile ndogo ndogo zilizopigana kila uchao kabla nchi haijawa moja. Mwalimu akaligawa darasa: hawa Kent, hawa Mercia, wale Northumbria. Ninyi mkawa Anglia Mashariki, nawe ukawa mke wa mfalme Redwald. Mwenzako Rehema akawa Edwin, mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti huko Northumbria akakimbilia kwenu. Northumbria, ufalme ulioshikwa na adui yake, ukawaahidi alama hamsini za mchezo mkimtoa. Wenzako wakakubali. Wewe ukakaa mbele ya dawati alimojificha, ukasema, "Ashakula mahamri yangu. Simtoi."

Ukapewa sufuri, ukaamriwa uombe radhi Jumatatu mbele ya shule nzima.

"Mama Mishi, ulikuwa mchezo tu," mwalimu akaniambia. "Lakini mtoto lazima afuate historia."

"Historia gani? Ukurasa unaofuata umeufungua?" Kitabu nilikuwa nimekisoma jikoni, muhogo ukiungua. "Mke wa Redwald ndiye aliyemzuia mumewe asimuuze mgeni! Mtoto kaifuata historia kukushinda wewe."

Akacheka. Hapo ndipo nilipoipiga ile meza.

Hasira ile, mwanangu, haikuwa kwa ajili yako peke yako. Nilipokuwa kidato cha pili, msichana wa darasa letu alikuja kwetu Mkongani akikimbia kuozwa. Akala nasi siku mbili. Ami yake alipofika na maneno matamu, akaniita binti mwenye akili, nikamwonyesha mlango wa jiko alimojificha. Bibi yako hakunipiga. Alisema tu, "Umemlisha, kisha ukamtoa. Sasa chakula chako nani atakiamini?" Yule msichana hakurudi shule. Tukikutana sokoni Kombani hunisalimia vizuri, na hilo ndilo linalonichoma.

Basi sikiliza. Watu watakusifu ili uwape mtu aliyekuamini. Wakiwa wengi upande mmoja, utajiona wewe ndiwe mwenye makosa. Kaa papo hapo. Malkia yule hata jina lake halikuandikwa, lakini Edwin aliishi, akatawala. Mola akupe moyo usiouzika, na akujaalie watoto watakaokuzidi.

Radhi hutaomba. Barua nimeipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nikasubiri hadi ikapigwa muhuri:

"Nalalamika rasmi dhidi ya mwalimu wa historia wa darasa la sita. Amemwadhibu binti yangu kwa jibu lililo sahihi, na nilipouliza akanicheka. Naomba sufuri ile ifutwe, amri ya kuomba radhi iondolewe, na darasa lisomewe kisa hicho hadi mwisho. Mimi nilipiga meza, na kwa hilo naomba radhi. Kwa mengine, siombi."