Mke Wangu wa Kwenye Karatasi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo ningeirudia kama ingewezekana. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimesoma shule ya msingi tu, na kuandika kwangu ni kwa polepole hadi leo. Mimi na mdogo wangu Faida tulikuwa tumetoka Bukavu, tumepanga foleni ya karatasi za ukimbizi hapa Johannesburg.

Mwanamume mmoja nyuma yetu akaninong'oneza, "Eish, dada atafunguliwa faili lake, mtatenganishwa. Mwandike mke."

Nikamwandika. Faida akacheka: "Haya bwana, mahari yangu iko wapi?"

Karatasi yake ikatoka na jina langu, kama mke wangu. Diploma yake ya sekondari ya nyumbani ilikuwa na jina lake, maana kwetu ndugu wa tumbo moja huweza kuitwa majina tofauti. Alipotaka kusomea uuguzi, chuo kilimpokea kwa hati ya kiapo aliyoandikiwa kituo cha polisi, kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mimi nilishona nguo mtaa wa Troyeville. Yeye aliketi kando ya cherehani akikariri mifupa kwa sauti.

Mwaka wa pili wa masomo aliniambia, "Kaka, twende tukasahihishe karatasi. Wanaosajili wauguzi hawatakubali kiapo."

"Wiki ijayo," nikasema. Niliona aibu kusimama dirishani kwa afisa wa wakimbizi na kusema mke wangu ni dada yangu. Kila alipouliza nilimpa wiki nyingine, mpaka akaacha kuuliza.

Alihitimu. Ombi lake la kusajiliwa likakataliwa: majina hayalingani. Hapo ndipo nilipokwenda dirishani.

"Kwa hiyo mlidanganya?" afisa akauliza.

"Nilidanganya mimi."

Faili likapelekwa kwenye uchunguzi. Huu ni mwaka wa tatu, hatujajibiwa.

Faida sasa anamhudumia bibi mmoja nyumbani kwake, anamwogesha na kumlisha. Juzi bibi alibanwa pumzi. Faida alipomwinua, binti wa bibi akamfokea, "Usimguse! Ngoja nesi aje." Aliponisimulia hakulia. Nililia mimi.

Mwanangu, kama karatasi yako ina uongo, hata ulioandikwa kwa upendo, nenda ukauseme mapema. Usingoje mpaka uwe tayari. Mimi sikuwahi kuwa tayari. Aibu ilikuwa yangu, aliyeilipia ni yeye. Siwezi kukuahidi kwamba utasamehewa. Ila Mungu akupe sauti mbele ya dirisha lile, na asikufanye kamwe kuwa mlango uliofungwa kwa mtu unayempenda. Amina.