Betri za Papa na Tangazo la Jumamosi

Betri za kuchaji niliziingiza nyumbani mimi mwenyewe, tena kwa majivuno. Nilinunua nne pamoja na chaja yake, nikapanda nazo hadi mtaani kwetu Nyalukemba nimezibana kifuani kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Nilikuwa nimechoshwa na betri za papa, baba yangu.

Papa alifundisha shule ya msingi kule Luhwindja maisha yake yote, na alipostaafu akashuka mjini Bukavu kuishi kwangu, mimi bintiye anayeniita maman. Kisha macho yakaanza kumwacha. Kusoma hawezi tena, kwa hiyo redio ndogo ya betri mbili ndiyo ilikuwa gazeti lake. Umeme wa mtaani kwetu unakuja na kwenda utakavyo, ndiyo maana hakuitaka redio ya kuchomeka ukutani.

Alikuwa na utaratibu wake wa betri, na ole wake aliyeuvuruga. Betri mpya huanzia redioni. Sauti ikianza kufifia, hupelekwa kwenye tochi. Tochi ikianza kutoa mwanga wa rangi ya chai, humalizia kwenye saa ya ukutani, na huko huweza kukaa miezi mingi bila kusumbua mtu. Na katikati ya kila hatua kuna jua. Papa alizianika betri juu ya bati la jiko, pembeni ya ungo wa mihogo, akazigeuza mchana ili zipate joto pande zote. Kuna watu huziuma kwa meno ili ziamke. Papa aliona huko ni kukosa adabu.

Mimi mwenye ofisi na kompyuta nilimcheka kwa miaka. Ukweli ni kwamba njia yake ilifanya kazi kidogo. Betri za kawaida zikipata joto huongea tena siku moja mbili, na siku hizo mbili ndizo alizozihitaji, kwa sababu ya Jumamosi.

Jumamosi saa kumi alasiri redio husoma matangazo ya familia: nani amefariki, nani anaitwa nyumbani, harusi ya nani imesogezwa. Kule kwetu Luhwindja simu hushika kwenye kilima kimoja tu, na watu wazima hawaamini habari muhimu mpaka isomwe redioni. Papa hakuwahi kukosa matangazo hayo. Ukimuuliza kwa nini, atasema mtu mzima lazima ajue matanga ya watu wake. Lakini mimi nilijua anasikilizia habari za nani.

Alikuwa na kaka mmoja tu, baba yangu mkubwa. Miaka tisa kabla ya haya, huyo kaka aliwaruhusu wachimba dhahabu kuingia katika shamba la familia, na shimo lao likafika karibu na kaburi la mama yao. Papa alipanda akaliona lile shimo, akashuka siku ileile, akasema hatarudi Luhwindja isipokuwa siku ya kumzika kaka yake. Alisema hivyo mbele ya watu. Papa ni mtu wa kushika neno lake hata linapomchoma mkono, na tangu siku hiyo kila Jumamosi alikaa na redio sikioni, anaogopa kusikia lile alilosema anangojea. Mimi nilikuwa namhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

Basi nikaleta betri zangu. Papa alizipima mkononi. "Hizi iko na uzito," alisema, na hiyo kwake ilikuwa sifa. Nikamweleza: mbili zikiwa redioni, mbili ziko kwenye chaja, courant, yaani umeme, ikirudi zinajazwa, unabadilisha, hununui tena. Alitikisa kichwa polepole kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi ambaye hajamaliza kujieleza.

Nisiziseme vibaya, zilifanya kazi vizuri. Redio iliongea kwa sauti ileile kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Tochi ilikuwa hafifu kidogo kuliko ikiwa na betri mpya za dukani, lakini mwanga wake haukubadilika. Kwenye saa ya ukutani zilinitia aibu, maana betri niliyoitia humo iliisha yenyewe, na siku moja nikachelewa kazini nikiamini saa iliyosimama. Papa aliirudishia saa betri yake ya zamani bila kusema neno, na huo ndio ulikuwa mzaha wenyewe.

Jambo moja sikuliona. Betri za papa zilikuwa zinampa taarifa. Sauti ikianza kushuka Jumatano, yeye anajua ana siku ngapi, anapunguza habari za mpira, anatunza iliyobaki kwa ajili ya Jumamosi. Zangu hazikuwa na tabia hiyo. Zilisema kwa nguvu zote hadi dakika ya mwisho.

Wiki moja nilitumwa na ofisi kwenda Mumosho. Niliporudi Ijumaa jioni nikakuta mtaa mzima hauna umeme tangu Jumatatu, transfoma imeungua. Sikuwaza betri hata kidogo. Papa hakuniambia kwamba jozi zote mbili zilikuwa zimetumika, wala kwamba kwa siku mbili alikuwa anazianika juu ya bati kuanzia asubuhi. Na mimi sikuwahi kumkataza. Nilimwambia zinajazwa, na yeye kwa miaka zaidi ya arobaini alijua kitu kimoja tu kinachojaza betri.

Jumamosi saa kumi tulikaa pamoja barazani. Redio ilikuwa safi, sauti imejaa. Lilisomwa tangazo la mtu aliyepoteza kadi ya uchaguzi, kisha la harusi. Kisha mtangazaji akasema: "Kutoka Luhwindja. Tunajulisha familia yote yenye iko Bukavu kwamba muzee..."

Redio ikawa kimya.

Papa aliitikisa redio. Akafungua mgongo wake, akazitoa betri, akazisugua kwenye suruali, akazirudisha. Moja ikamponyoka ikaanguka chini ya kiti. Mimi tayari nilikuwa nimevaa kandambili, nakimbilia kibanda cha pale chini kununua za kawaida. Niliporudi na kuzitia, ulikuwa muziki.

"Ulizianika?" niliuliza, maana niliona zilikuwa bado na vumbi la bati.

"Nilianika vizuri. Jua ilikuwa kali."

"Papa, hizi hazijazwe na jua. Jua inaziharibu."

"Mabuye yangu ya zamani ilikuwa inaaga," alisema, maana betri yeye huziita mabuye. "Hizi zako inakufa ikiwa inaongea."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilipiga simu ya binamu yangu wa kule mara sita, haipatikani. Nilipiga redioni, hakuna aliyepokea. Nilikwenda kwa mama jirani, ambaye Jumamosi alasiri husuka nywele za watu na redio yake huwa mbali. Alisikia jina la Luhwindja tu, mengine akayakosa kwa kelele za wateja. Aliniambia tungoje, matangazo husomwa tena Jumapili saa kumi na mbili asubuhi.

Nilimrudishia papa habari hiyo, lakini hakutaka kungoja. Alikuwa ameshalitoa koti lake jeusi kabatini kwa kupapasa, amelilaza kitandani.

"Ni yeye," alisema.

"Hatujue, papa. Luhwindja iko na wazee wengi."

"Ni yeye. Nani mwengine wataniita juu yake?" Kisha akakaa juu ya kitanda, karibu na lile koti, akasema kwa sauti ndogo, "Sikumusalimia miaka tisa. Juu ya shimo."

Sikuwahi kumwona papa akilia na siku ile pia hakulia. Mimi ndiye niliyelia, jikoni, nikikunja vitenge vya kwenda navyo matangani. Nilizikasirikia zile betri, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana betri haina kosa. Mimi nilimletea mzee kitu kipya, nikamweleza faida yake tu, nikaenda kazini.

Jumapili saa kumi na mbili kasoro papa alikuwa amekaa mlangoni, amevaa koti, amefunga vifungo vyote, anangoja jeep ya Mwenga ambayo dereva wake ni mtu wa ukoo wetu. Nilimwambia aje tusikilize. Alikataa, hakutaka kusikia kifo cha kaka yake kikisomwa katikati ya kadi zilizopotea. Basi nikaiingiza redio jikoni, nikaishusha sauti, nikasikiliza nimesimama.

Mzee aliyetajwa hakuwa wetu. Tena hakuwa amekufa. Alikuwa ametoka hospitali, na watoto wake walikuwa wanawajulisha watu wa familia walioko Bukavu kwamba amefika nyumbani salama na anawashukuru kwa maombi yao.

Nikakaa juu ya kiti kidogo cha jikoni. Nakiri kwamba kwa dakika nzima niliwaza kunyamaza, nimwache apande jeep, maana nilijua nikimwambia atalivua lile koti na kurudi katika neno lake la miaka tisa. Lakini kumdanganya mtu asiyeona, na wewe ndiye macho yake, sikuweza. Nilitoka nikamwambia yote.

Jeep ilikuwa inapiga honi kule chini barabarani.

"Basi ule wetu iko muzima," alisema.

"Pengine, papa. Hawakusema kitu juu yake."

Alishika fimbo yake akasimama. "Tuende, maman," aliniambia. "Tuende kabla hajakufa kweli."

Njia ya kule sitaieleza, kila aliyeipita wakati wa mvua anaijua. Tulifika mchana, tukiwa na matope hadi magotini. Baba mkubwa alikuwa uani anamenya mihogo, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliliangalia koti jeusi, akaniangalia mimi na vitenge vyangu, akaweka kisu chini.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Papa aliisikia ile sauti akasimama palepale. "Nilizani ni wewe," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Radio. Ilianza kusema muzee wa Luhwindja, kisha ikazima."

Baba mkubwa alinyanyuka polepole, mkono kiunoni, akaja mbele yetu. Nilifikiri atatufukuza.

"Miaka tisa radio yako ilikuwa inawaka, haukukuja," alisema. "Imezima siku moja, uko hapa."

Papa alinyoosha mkono kumsalimia. Aliunyoosha pembeni, hatua nzima kutoka pale kaka yake aliposimama, na ukabaki hewani. Baba mkubwa aliuangalia ule mkono, kisha akanigeukia mimi. Hakuna mtu aliyekuwa amepanda kumwambia.

"Haone?" aliniuliza.

"Haone, papa mukubwa. Iko miaka ine sasa."

Aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili iliyojaa utomvu wa mihogo, akauweka juu ya bega lake. Wakaingia ndani hivyo, kaka mbele, mdogo wake nyuma, na kwenye kizingiti nikamsikia akimwambia ainue mguu.